Nyama Mbichi kwa Mgeni

Atupele, siku ile ya kuniaga mgahawani, mlipoimba na kunivisha kitenge uliniambia, "Mama Anje, utuandikie basi, maana ukiondoka hatuna wa kumuuliza." Nikacheka, nikadhani ni maneno ya sherehe. Lakini huku Igowole mvua ikianza inakaa siku nne, na mtu aliyesimama jikoni miaka kumi na saba hawezi kukaa tu akiangalia matone. Nimechukua daftari la mjukuu wa kaka yangu, kurasa za nyuma ambazo bado hajazichafua, naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Hizo mnazijua, na mengine mnayaongeza wenyewe.

Kabla ya Mbeya nilikuwa mpishi wa shule ya bweni Iringa, nikikaa Ipogolo. Kule kupika maana yake ilikuwa kuivisha, basi. Maharage yakiiva umemaliza kazi, yasipoiva wanafunzi wanagonga sahani. Mwiko wangu ulikuwa mrefu kunizidi. Mume wangu alipofariki nyumba ikanizidi ukubwa, dada yangu aliyekuwa Mbeya akaniita. Yeye ndiye aliyesikia kuwa kuna mama wa Kichina anafungua mgahawa na anatafuta mpishi mtu mzima. Aliniambia ni mgahawa wa hotpoti. Sisi hotpoti tunayoijua ni lile dude la plastiki la kutunzia ugali usipoe, kwa hiyo nilikwenda nikijua kazi yenyewe ni ya kupakua na kufunika.

Ninyi Mama Lin hamkumkuta. Alikuwa mfupi kuliko mimi, na mimi mnaniona. Alivaa gambuti nyeupe hata siku za jua, na alikuwa na kisu kimoja kipana alichokifunga kwenye taulo kila akimaliza kazi, kama mtoto anayelazwa. Alikuwa mjane kama mimi. Mdogo wake wa kiume, fundi wa mitambo ya barabara, ndiye aliyemwita nchini, kama dada yangu alivyoniita mimi Mbeya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini hakikukosa kufika alikotaka kifike.

Siku ya kwanza aliniachia sahani zimepangwa mezani jikoni, akatoka mara moja kufuata mkaa. Alisema, "Wageni ikifika, dada, peleka." Wageni wakafika, mafundi wanane wa barabara. Nikafunua zile sahani. Yesu wangu! Nyama mbichi. Imekatwa nyembamba kama karatasi, imeviringishwa vizuri, lakini mbichi. Kabichi mbichi, viazi vibichi, uyoga mweusi uliolowekwa ukawa kama masikio ya mtu, utumbo mbichi. Mimi ni Mhehe wa Igowole. Kwetu hata mgeni aliyekuja kukudai deni humwekei mbele kitu kibichi, utakuwa umemwambia aondoke. Nikajua yule mama wa watu amezidiwa na kazi, na kwamba Mungu amenileta nimwokoe na aibu.

Nikakusanya vyote. Nikakaanga kitunguu, nyanya, binzari kidogo, nikamimina zile nyama na ule utumbo, nikazipika mpaka zikatoa harufu nzuri ya nyumbani. Nikapeleka mezani. Wale mafundi walikuwa wameketi kuzunguka chungu cha supu kinachochemka katikati ya meza, wameshika vijiti, hawana cha kutia. Wakaniangalia. Nikawaangalia. Ndipo Mama Lin akaingia na mfuko wa mkaa.

Alisimama. Akaja mezani, akachota mchuzi wangu, akaonja. Nilikuwa nimeshaanza kufungua aproni nirudi kwa dada.

"Tamu," alisema. "Lakini sasa mgeni nafanya kazi gani?"

Akacheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa mkaa na gambuti zake nyeupe. Wale mafundi nao wakacheka, wakala mchuzi wangu wote, wakachovya mpaka mkate. Baadaye akanishika mkono akanipeleka kwenye chungu. "Dada, hapa mpishi ni mgeni. Anatia mwenyewe, anahesabu mwenyewe, anakula mwenyewe. Sisi kazi yetu kukata." Kwa hiyo msinicheke mnaposikia nilipikia watu waliokuja kupika. Anayenicheka ajikumbuke siku aliyopeleka tofu laini ya soya kwenye trei ikafika vipande.

Basi nikajifunza kukata. Hili mlisome mara mbili. Nyama haikatwi ikiwa laini, inakukimbia. Igandishwe, lakini isiwe jiwe, ibonyee kidogo ukiisukuma kwa dole gumba. Kisu kikatishe nyuzi, kisifuate nyuzi. Ukiinua kipande kwenye dirisha, uone kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mama Lin alinirudishia vipande miezi mitatu. Alikuwa hasemi neno, anaviinua dirishani tu, halafu anavitia kwenye supu ya wafanyakazi. Tulikula nyama nene sana miezi ile.

Utumbo ule wenye kurasa, ambao wachinjaji wanauita kitabu, unatiwa kwenye supu na kuhesabu kumi na tano, basi, unatolewa. Ukizidisha unatafuna mkanda. Mama Lin alihesabu Kichina. Mimi nilihesabu Kihehe, kwa sababu kwa Kiswahili nilikuwa nakimbia. Mpaka leo naamini Kihehe ndicho kipimo sahihi cha utumbo, ila sina wa kuniunga mkono.

Supu ni mbili kwenye chungu chenye ukuta katikati. Nyeupe ni mifupa tu, tangawizi na uvumilivu, inachemka tangu asubuhi mpaka iwe na rangi ya maziwa. Nyekundu ni mafuta ya ng'ombe, vitunguu saumu, pilipili kavu, na zile punje zinazotia ulimi ganzi. Mara ya kwanza kuonja punje zile nilidhani nimepatwa na kiharusi. Nilikaa kwenye ndoo nikaanza kuwaza nani atamwambia baba. Mama Lin akaniletea maziwa ya mgando, akanipapasa mgongo mpaka mdomo ukarudi. Damu ya bata iliyogandishwa niliikata miaka yote hiyo na sikuionja hata siku moja. Hakunilazimisha. Alisema tu, "Basi mimi kula ya kwako," akala.

Chainizi nayo ilinitia aibu. Nilijigamba kuwa mboga yao naijua, maana tunaila na ugali wiki nzima. Nikamletea mafungu matatu kutoka sokoni. Akaligeuza fungu, akalinusa, akaniuliza kwa upole, "Hii nani?"

Mwaka wa tatu ndipo lilipotokea jambo ambalo sikuwahi kuwasimulia. Mlidhani mimi ni mtu wa kucheka tu.

Mwaka mpya wao unaangukia katikati ya mvua zetu. Siku zile mgahawa ulijaa, mafundi wanatoka makambini wamechana nywele. Mama Lin alikuwa anafungua makopo ya machipukizi ya mianzi kutoka kwao. Alifungua moja, akanusa, akalisukuma. "Bati," alisema. "Yote harufu ya bati." Akanieleza kuwa nyuma ya nyumba ya mama yake kulikuwa na mianzi, na mama yake alichimba machipukizi asubuhi, wakayala mchana yakiwa bado na baridi ya udongo. Tangu aondoke kwao hajala tena. Mama yake alikuwa ameshakufa na hakuwahi kwenda kumzika. Alikuwa ameshika kisu, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea kukata vitunguu ili tudhani ni vitunguu.

Mimi, mdomo wangu huu, nikasema, "Kwetu ipo."

Ipo kweli. Huku kwetu kila boma lina milanzi yake, mianzi ya kugemea ulanzi. Wewe Atupele ni wa Kyela, nikueleze kidogo. Mvua ikinyesha machipukizi yanatoka. Mgema anakata ncha tu, anatundika kikombe cha mwanzi, asubuhi na jioni anakwangua tena kidogo, na maji matamu yanadondoka. Siku ya kwanza ni juisi ya watoto. Siku ya tatu mtu mzima anaanza kumsalimia mbuzi. Chipukizi likikatwa lote kwa kula, limekwisha, halitatoa ulanzi wala halitakuwa mwanzi. Hilo kila mtoto wa huku analijua, tulichapwa kwa ajili yake.

Baba yangu, Mzee Kalisto, ni mgema tangu ujana. Ana vichaka vingi, lakini kimoja kando ya kijito hakukihesabu pamoja na vingine. Marehemu mama alikipanda mwaka alioletwa pale akiwa bibi harusi. Tangu mama afariki, baba alikuwa haanzi kunywa ulanzi wa msimu mpaka aende pale peke yake, avue kofia, anywe kikombe cha kwanza cha kichaka kile akiwa amesimama. Hakutuambia tufanye nini siku hiyo. Tulijua tu kukaa mbali.

Nilifika nyumbani Jumamosi. Jumapili baba akaenda misa, mimi nikasema mguu unaniuma. Nikachukua panga. Vichaka vingine alikuwa ameshaanza kuvigema, machipukizi yote yamekatwa ncha. Cha mama ndicho kilikuwa hakijaguswa, kwa sababu alikuwa anakisubiri. Machipukizi yalikuwa manene kama mkono wa mtoto. Nilijua ni cha nani. Sitaki mniwekee maneno mazuri hapo, nilijua. Nilijiambia kuwa mama asingeninyima, kwamba ni mama wa mtu mwingine anayeliliwa kule Mbeya. Nikakata ishirini na moja. Nikabakiza matatu membamba, nikapanda basi kabla misa haijatoka.

Mama Lin aliyamenya mwenyewe, akayachemsha mara mbili kumwaga ule uchungu, akakata. Kipande cha kwanza alikula amesimama, amefumba macho. Akasema neno moja tu, "Mama," ambalo kwao na kwetu ni hilo hilo. Nimelisha watu wengi maishani, sijawahi kuona chakula kikimfikia mtu namna ile. Nilifurahi sana, jamani, nikasahau nilikotoka.

Pasaka nikaenda nyumbani. Baba alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mguu. Nikampikia kuku na ugali kama kawaida yangu. Akanawa mikono, akaketi, akakiangalia chakula.

"Anjelina," alisema, "ulikata kwa mama yako."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila chakula kilichoivishwa na mkono wako, mimi sitakula tena. Mkono huo ulijua unachokata."

Hakupandisha sauti. Akaisogeza sahani kwa watoto wa kaka, akamwomba wifi yangu Leokadia amchomee kiazi.

Baba si mtu wa kusema na kurudi nyuma. Aliacha tumbaku siku moja mchana, kiko kikiwa bado cha moto, na hakuirudia. Kwa hiyo nilijua. Alikuwa hanichukii. Nikija anatabasamu, anavaa sweta ninalomletea, nikiondoka ananibebea begi mpaka stendi. Lakini chakula hapana. Mara moja wifi alikwenda kuchota maji, nikakoroga uji usishike chini. Baba akauliza nani amekoroga. Wifi Leokadia uongo hauwezi, akanitazama mimi. Mzee akashinda na viazi vya kuchoma.

Miaka sita. Mbeya nalisha watu nisiowajua hata majina, wananishukuru kwa mikono miwili, halafu mtu mmoja niliyetamani kumlisha hanywi hata uji wangu. Niliumia. Kuna siku nilikuwa nakata nyama najiuliza mkono huu una kazi gani.

Na juu ya hilo nikaweka uongo. Kila nikienda likizo Mama Lin alinifungia chakula cha baba, vile viandazi vidogo vya mvuke vyenye nyama ndani, tulivyovifinyanga pamoja mimi na yeye. Nikirudi anauliza, "Baba alipenda?" Nami nasema, "Alipenda sana, Mama." Nitasema nini? Yeye ndiye aliyeyala machipukizi, angejua angeyatapika. Basi kila mwaka akaongeza viandazi, kwa sababu mzee anavipenda. Mwaka wa sita nilipanda basi na karai zima. Wajukuu wa Igowole wamenawiri kwa uongo wangu.

Mwaka ule magoti yalimshinda Mama Lin. Akaniambia anarudi kwao, mgahawa atamwachia mpwa wake, huyu mnayemjua anayeliimbia friji. "Lakini kabla kuondoka," alisema, "mimi nataka kwenda kusalimia baba. Baba anapenda viandazi yangu miaka sita, sijaona uso yake."

Nilikuwa nakata nyama. Kipande kikatoka kinene kama kandambili. Akakiinua dirishani kama zamani, akaniangalia. Nikaweka kisu chini nikamwambia yote, kichaka, misa, mguu, sahani, viandazi, yote.

Aliketi kwenye ndoo. Supu ikaanza kumwagika, tukaiacha imwagike.

"Dada, mianzi ile nani alikula?"

"Wewe, Mama."

"Basi mimi nakwenda."

Tulipanda basi asubuhi. Kisanduku cha barafu chenye nyama kilikuwa miguuni, na chungu amekipakata kwa sweta lake. Kondakta alitaka kukiweka chini kwenye mizigo. Aliangaliwa jicho moja tu, akaenda zake. Tangu Chimala mpaka Mafinga alikuwa ananifanyisha mazoezi ya salamu. "Kamwene. Kamwene." Abiria wa mbele akageuka akamwitikia. Mimi nilimjua baba, na sikujua huyu mama amepanga nini.

Baba alikuwa uani amevaa koti lake la kanisani. Mama Lin akainama, akatoa "Kamwene" iliyonyooka. Uso wa baba ukafunguka. "Kamwene, mama. Karibu sana, ukaribie." Wifi akaanza kumfukuza kuku, Mama Lin akamzuia. "Leo mimi." Halafu akaniambia niketi kwenye benchi niweke mikono ndani ya khanga. "Hapana gusa kitu. Hata kijiko."

Kwanza aliomba kuona kichaka. Baba akampeleka, mimi sikuitwa. Kutoka benchini niliwaona wazee wawili wamesimama kando ya kijito. Mama Lin akainama chini kabisa, mara tatu, na magoti yake yale. Baba akavua kofia. Wakakaa pale. Walichoongea sikukisikia, na hakuna aliyeniambia mpaka leo.

Waliporudi, Mama Lin aliwasha jiko la mkaa mwenyewe. Akachota maji mwenyewe, akatia mifupa ya kuku aliyokuja nayo na tangawizi. Akakata kila kitu kwa kile kisu chake, nyama, kabichi, viazi vya Igowole, na uyoga wa msituni ambao wifi alikuwa ameuokota asubuhi. Supu ilipochemka akapanga sahani mbele ya baba.

Baba akaangalia. Akaniangalia mimi. Akasema kwa Kihehe, polepole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, "Huyu mama ametoka mbali kote huko kuniwekea nyama mbichi?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. "Baba, hata mimi siku ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Huu ndio utaratibu wao. Chungu kinakaa katikati, kila mtu anaivisha cha kwake."

"Kila mtu?"

"Kila mtu, baba. Hapa hakuna mpishi."

Akafikiri. "Na wewe hujaivisha chochote hapa?"

"Sijagusa." Nikamwonyesha mikono ndani ya khanga.

Akaitazama supu kwa muda. Kisha akasogea upande mmoja wa kigoda kirefu, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Njoo ukae basi."

Miaka sita sijakaa naye kwenye chakula kimoja. Nikaketi. Vijiti alivikataa, akaomba uma. Alitia nyama yake kwa mkono uleule wa kugemea, usiotetemeka. Mama Lin akahesabu Kichina, baba akahesabu Kihehe, wakamaliza pamoja. Sasa mmeona kwamba ninachosema kuhusu kipimo si utani. Alikula. Akatia nyingine, akala. "Hii supu ina heshima," akasema. Wifi akapata nguvu, naye akatia kiazi.

Kipande cha tatu kikamponyoka kikazama. Alikitafuta kwa uma hakukipata. Na mimi, Atupele, unajua jinsi tulivyo, mgeni akipoteza kitu chunguni mkono wetu unakwenda wenyewe. Mkono ukatoka ndani ya khanga, ukachukua kijiko cha matundu, ukaopoa, ukaweka kwenye bakuli la baba. Ndipo nikagundua nilichofanya. Wifi akaacha kutafuna. Mama Lin akashika gambuti yake.

Baba alikitazama kile kipande.

"Hii nilitia mimi?"

"Wewe, baba."

"Nani alihesabu?"

"Wewe."

"Wewe umeokota tu."

"Nimeokota tu, baba."

Akala. Alitafuna muda mrefu sana, nikahesabu utumbo wa mgahawa mzima. Halafu akachukua bakuli langu, akatia nyama na jani la kabichi kwenye supu, akaivisha, akaniwekea. "Kula. Umekonda." Sikuwa nimekonda hata kidogo.

Nilipomaliza, akaweka uma wake chini.

"Sasa tia wewe," alisema.

"Baba?"

"Mkono wangu umechoka. Tia wewe, uivishe, unipe."

Mkono wake haukuwa umechoka. Ule mkono haujawahi kuchoka. Nikachukua kipande cha nyama, nikakitia, nikajaribu kuhesabu, nikasahau baada ya nne. Nikakitoa kwa macho tu, nikakiweka kwenye bakuli lake, naye akakila palepale mbele yangu, akasogeza bakuli nimwongezee. Nikalia juu ya chungu, sikuona aibu.

"Ondoa kichwa hapo," baba akasema, "utatuzidishia chumvi."

Mama Lin alikaa pale siku mbili. Alipoondoka baba alimbebea chungu mpaka stendi. Ninyi mlianza kazi baada ya hapo, mkanikuta nacheka, mkadhani nilizaliwa hivyo. Kile kisu kipana aliniachia mimi, na mimi nimekuachia wewe, Atupele. Kifunge kwenye taulo.

Sasa nimerudi Igowole na mpishi wa nyumba hii ni mimi. Baba ni mzee sana, hagemi tena, kaka ndiye anayegema. Ila kwenye kichaka cha mama kila msimu baba anachagua machipukizi matatu, anasema yaachwe, ni ya yule mama. Yule mama yuko mbali, hayaliwi wala hayagemwi. Yamekuwa mianzi mirefu, upepo ukija yanasikika mpaka jikoni. Kwenye simu Mama Lin ananitumia sauti yake. Anaanza na "Kamwene" na kumaliza na swali lile lile, "Baba alipenda?", na siku hizi ninamjibu ukweli.

Mchana wa leo nimempelekea baba supu ya mifupa, nyeupe, ya tangu asubuhi. Ameonja, akaweka kijiko chini, akakunja uso.

"Anjelina, chumvi imezidi. Ulikuwa unawapikiaje watu kule Mbeya?"

Nimechukua bakuli, nikaongeza maji ya moto, nikaonja, nikamrudishia. Amelalamika tena kidogo, halafu akala mpaka akaliinamisha bakuli.